Kadi Ikifa, Daftari Halijafa
Maandishi ya mada kwa wafanyabiashara na wakaazi wa Marikiti na Mji wa Kale kuhusu kubadilisha kadi ya mtandao kwenye seva kongwe ya Unix



Mwaka 2009 kebo mbili kubwa za mawasiliano ziliingia Mombasa kupitia chini ya bahari. Moja ni SEACOM, nyingine ni TEAMS iliyotoka Fujairah katika Falme za Kiarabu. Tangu hapo intaneti ya Kenya imebadilika kabisa, na wengi mnaijua faida yake. Lakini kebo ya maelfu ya kilomita haimsaidii mwenye duka ikiwa mita mbili za mwisho, kutoka ukutani hadi ndani ya kompyuta yake, zimekatika. Katika mita hizo mbili kuna kipande kimoja kidogo, cha ukubwa wa kiganja, kinachoitwa kadi ya mtandao. Mada hii inahusu kipande hicho kinapokufa ndani ya mashine ya zamani.

Mashine za zamani bado zipo kazini. Katika ofisi za mizigo, maduka ya jumla, zahanati, shule na ofisi za umma, kuna seva ambazo zimewashwa miaka mingi zikitunza hesabu. Nyingi zinatumia mfumo wa Unix. Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, na imezaa ukoo mkubwa: Solaris, AIX, HP-UX, SCO, FreeBSD. Linux nayo iliandikwa upya kwa kufuata mtindo huohuo. Sifa ya mifumo hii ni uvumilivu. Seva ya Unix huweza kukaa miaka bila kuzimwa. Sifa hiyohiyo ndiyo inayoleta taabu, kwa sababu kitu kisichosumbua husahauliwa, na fundi aliyekijua hustaafu au huhama.

Mfano wa duka moja

Chukueni mfano wa duka la jumla la viungo, hatua chache kutoka sokoni. Chini kuna magunia ya iliki, mdalasini, pilipili manga na bizari. Juu kuna ofisi ya makarani watatu, na katika kona kuna kompyuta kubwa iliyogeuka rangi ya manjano. Ndani yake mna SCO OpenServer, Unix ya kompyuta za kawaida iliyotoka mwaka 1995 na kupendwa sana na programu za hesabu za wakati ule. Humo mna madeni ya wateja wa Malindi, Lamu na Voi, bei za kila msimu, na risiti za miaka zaidi ya kumi na tano.

Asubuhi moja, saa mbili, skrini za makarani wote watatu zinaganda kwa pamoja. Wateja wamejaa mlangoni. Hamali wameegesha mikokoteni wakingoja hati za mizigo. Mama mwenye duka anamwita mtu anayeuza kompyuta, naye anaitazama seva mara moja tu na kusema imezeeka, itupwe, inunuliwe mpya pamoja na programu mpya. Anataja bei. Mama anakaa chini.

Kisha anakuja fundi wa pili, binti wa mtaani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Niambie kweli, daftari langu limepotea?"

"Sijui bado, mama. Hii skrini ya seva yenyewe, kuna aliyeijaribu?"

Hakuna aliyeijaribu. Skrini ile ndogo ya seva ilikuwa imefunikwa kitambaa. Fundi anaifunua, mama anaandika neno lake la siri, na hesabu zinafunguka kama kawaida. Madeni yapo. Risiti zipo.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kukumbuka. Kompyuta za ofisi zinaposhindwa kuifikia seva, haimaanishi kwamba data imepotea. Data hukaa kwenye diski. Kadi ya mtandao ni mlango tu wa kuingilia na kutokea. Mlango ukikwama, nyumba haijaanguka. Kwa hiyo kabla ya kulia, na kabla ya kulipa, kaa mbele ya skrini ya seva yenyewe na utazame kama rekodi zinasomeka.

Anza na kisicho na gharama

Kadi ni mshukiwa mmoja kati ya wanne. Wengine ni kebo, swichi na mipangilio. Fundi mzuri huanza na kilicho rahisi.

Kwanza anatazama taa nyuma ya kompyuta, pale kebo inapochomekwa. Kadi nyingi zina taa ya kijani inayowaka muunganisho ukiwepo. Ikiwa imezimika, anabadilisha kebo kwa nyingine inayojulikana kuwa nzima. Ikiendelea kuzimika, anahamisha kebo kwenye tundu jingine la swichi. Panya, mlango uliobana waya, au tundu moja la swichi lililoungua ni sababu za kawaida kuliko kadi yenyewe.

Pili anajaribu amri ya ping. Hapa wengi hudanganyika. Kuiambia seva ijiite yenyewe, kwa anwani ya 127.0.0.1, hakupimi kadi. Wito huo huzunguka ndani ya mashine bila kutoka nje. Ukijibiwa, umejua tu kwamba programu za mtandao zi hai. Kadi hupimwa kwa kuiita kompyuta nyingine iliyo jirani kwenye swichi hiyohiyo.

Tatu anaandika netstat -in. Amri hii, ambayo iko karibu katika kila aina ya Unix, huonyesha idadi ya vifurushi vilivyoingia na kutoka, pamoja na makosa ya kila upande. Ikiwa vifurushi vya kuingia havisogei hata kimoja huku kebo na swichi vikiwa vizima, au makosa yanapanda kila sekunde, kadi ina kesi ya kujibu.

Katika duka la mfano, taa ilikuwa imezimika kwa kebo mbili na matundu matatu. Kadi ilikuwa imekufa. Usiku uliotangulia stima ilikatika na kurudi mara kadhaa. Hapa kisiwani kuna adui wa pili, nao ni upepo wa bahari. Chumvi na unyevu hula miguu ya shaba ya kadi na tundu la kebo polepole, hasa katika chumba chenye dirisha lililo wazi. Kwa hiyo wakati mwingine kadi haijafa. Imeota kutu tu, na kuichomoa, kuisafisha miguu kwa spiriti safi na kuirudisha huifufua kwa muda. Hata hivyo kadi iliyofufuliwa hivyo isiaminiwe. Itafutiwe ya akiba.

Hatari kubwa iko katika kuzima

Watu hudhani sehemu ya hatari ni kuchomoa kadi. Sivyo. Kadi ni kipande cha bei ndogo, na huchomolewa kwa skrubu moja. Hatari ni kitendo kinachotangulia, yaani kuizima seva ambayo haijazimwa kwa miaka.

Diski ya zamani ni sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Inapozunguka siku zote, joto lake ni lilelile na mafuta ya mhimili wake ni laini. Ikizimwa na kupoa, huenda isianze tena. Vichwa vya kusomea huweza kunata kwenye sahani, au mota iliyochoka hushindwa kuzisukuma. Mafundi wa zamani wanalijua hili vizuri: mashine iliyokuwa ikitembea bila kosa jana inazimwa kwa heshima, na haiamki. Sanduku la umeme nalo huweza kufia papo hapo wakati wa kuwashwa. Na hata ikiamka, huenda ikakataa kwa sababu betri ndogo ya bodi kuu imeisha na mashine imesahau tarehe na aina ya diski zake.

Ndiyo maana kanuni ni hii: nakala kwanza, bisibisi baadaye. Kadi iliyokufa inaweza kungoja mpaka jioni. Nakala haiwezi kungoja, kwa sababu baada ya kuzima huenda isiwezekane tena.

Katika duka la mfano kulikuwa na kanda tatu za akiba kwenye droo. Karani alikuwa akizizungusha kila Ijumaa, na kila Ijumaa aliamini kazi imefanyika. Fundi alizisoma zote tatu kabla ya kuandika juu yake. Mbili hazikusomeka kabisa. Ya tatu ilisomeka nusu. Kwa miaka kadhaa duka lile lilikuwa halina akiba yoyote na hakuna aliyejua.

Mama aliamua kama alivyoamua mama yake wakati wa daftari la karatasi. Makarani walitoa vitabu vya risiti na kalamu. Mauzo ya siku ile yaliandikwa kwa mkono. Hamali walipewa hati za mkono zenye muhuri. Wateja wa mkopo walisomewa salio kutoka skrini ya seva, mmoja mmoja. Kazi ilikwenda polepole, lakini duka halikufungwa. Wakati huo fundi alisafisha kinasa kanda, akapata kanda mpya, akaandika nakala kamili, kisha akafanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: akachagua faili moja la zamani na kulirudisha kutoka kwenye kanda hadi mahali pengine, akalilinganisha na la asili. Yalikuwa sawa. Hapo ndipo neno "nakala" lilipata maana.

Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nyongeza ya leo ni kwamba nakala ambayo haijajaribiwa kusomwa haihesabiwi kuwa nakala.

Kabla ya kuzima, fundi aliandika kwenye karatasi kila kitu ambacho mashine ilikijua juu ya mtandao wake: jina la seva, anwani yake ya IP, kipimo cha mtandao, anwani ya mlango wa kutokea nje, aina ya kadi ya zamani na nafasi iliyochomekwa. Karatasi, si faili ndani ya seva hiyohiyo.

Kadi ipi inafaa

Si kila kadi inayoingia kwenye tundu inafaa. Kuna mambo mawili ya kutazama.

La kwanza ni tundu. Mashine za miaka ya 1990 mwanzoni zina matundu marefu ya ISA. Zilizofuata zina PCI. Za karibuni zina PCI Express, ambalo halipokei kadi za zamani. Hata ndani ya PCI kuna za volti 5 na za volti 3.3, na pengo lililokatwa kwenye miguu ya kadi huonyesha ni ipi. Kadi ikikataa kuingia, isilazimishwe. Pengo hilo liliwekwa makusudi ili kuzuia kosa.

La pili ni dreva, yaani programu ndogo inayoufundisha mfumo kuzungumza na kadi. Hapa ndipo kadi mpya na nzuri kutoka dukani hushindwa. Mfumo wa mwaka 1995 hauwezi kuijua kadi iliyobuniwa miaka ishirini baadaye. Fundi hutafuta kadi ya umri wa mfumo, kama Intel PRO/100 au 3Com 3C905, ambazo zilienea sana na ziliandikiwa dreva kwa Unix nyingi za kompyuta za kawaida. Hupatikana kwenye kompyuta kuukuu zilizotupwa stoo. Fundi anasoma namba iliyoandikwa kwenye chipu yenyewe, si kwenye boksi, kwa sababu watengenezaji wengine waliuza chipu tofauti kwa jina lilelile.

Bora zaidi ni kupata kadi ya aina ileile iliyokufa na kuirudisha katika tundu lilelile. Mara nyingi mfumo hautagundua hata kuwa kuna mgeni.

Kubadilisha

Baada ya Maghrib, makarani walipokwisha kutoka, fundi aliizima seva kwa amri ya shutdown na kungoja iseme yenyewe kuwa ni salama kukata umeme. Unix haizimwi kwa kuchomoa waya. Maandishi ambayo bado yako kwenye kumbukumbu hayajafika kwenye diski, na kuikatia stima ghafla ni kama kumnyang'anya karani kalamu katikati ya mstari.

Kisha alichomoa waya wa stima, akabonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe, na akagusa chuma cha sanduku kabla ya kugusa kadi. Mwili wa binadamu hubeba umeme tuli unaoweza kuua chipu bila mtu kuhisi chochote. Hewa ya Mombasa yenye unyevu hupunguza jambo hili, lakini chumba chenye kiyoyozi ni kikavu, na seva nyingi hukaa huko. Alitoa skrubu, akavuta kadi ya zamani wima bila kuitikisa, akaondoa vumbi, akaingiza mpya mpaka miguu ikazama sawasawa, akafunga skrubu. Dakika kumi.

Halafu akawasha. Diski ilitoa mlio, ikanyamaza, ikatoa mlio tena. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ushungi wake mkononi. Mara ya tatu sahani zilianza kuzunguka, na maandishi yakaanza kushuka kwenye skrini.

Kuitambulisha kadi

Kadi aliyoipata fundi haikuwa ya aina ileile, kwa hiyo ilibidi mfumo uelezwe. Kwenye SCO kazi hiyo hufanywa kwa programu ya netconfig. Fundi aliiondoa kadi ya zamani kwenye orodha, akaongeza mpya, akaandika anwani zilezile alizozihifadhi kwenye karatasi. Mfumo uliunda upya kiini chake na kuomba kuwashwa tena. Kiini cha zamani huhifadhiwa kwa jina la unix.old. Kipya kikikataa, fundi huandika jina hilo mashine inapouliza iwashwe na nini, na kurudi alikotoka.

Unix nyingine zina desturi zao, na tofauti kubwa iko katika majina. Solaris za zamani huita kadi kwa jina la dreva yake, kwa mfano hme0, na huweka jina la seva au anwani katika faili la /etc/hostname.hme0. Kadi ikiwa ya aina nyingine, faili nalo hubadilishwa jina, na mashine huwashwa kwa boot -r ili itazame upya vifaa vyake. FreeBSD hufanya vivyo hivyo ndani ya /etc/rc.conf: iliyokuwa fxp0 huweza kuwa em0. AIX hutafuta vifaa vipya kwa cfgmgr, na huweza kuiita kadi mpya ent1 kwa sababu bado inaikumbuka ent0 iliyokufa. Linux za kizazi fulani hufanya hivyohivyo: faili la 70-persistent-net.rules lilishika namba ya kadi ya zamani, hivyo mpya inaitwa eth1 huku mipangilio yote ikiisubiri eth0. Fundi asiyejua hili hushinda usiku akibadilisha kadi nzima kwa kadi nzima.

Majirani wanaokumbuka sura ya zamani

Usiku ule seva iliweza kuiita kompyuta ya karani wa kwanza. Ya pili ilijibu. Lakini kifaa kinachounganisha ofisi na intaneti hakikujibu. Je, kadi mpya ni mbovu pia?

Hapana. Kila kadi hutoka kiwandani na namba yake ya kuzaliwa, tarakimu na herufi kumi na mbili, inayoitwa anwani ya MAC. Anwani ya IP ni kitu kingine: hupangwa na mwenye mtandao. Fikirieni meza sokoni. Namba ya meza ndiyo IP, na sura ya muuzaji ndiyo MAC. Mteja anajua meza fulani ni ya mzee mwenye kofia ya vito. Siku mzee anapompisha mwanawe, meza ni ileile na bidhaa ni zilezile, lakini mteja anapita akimtafuta mzee.

Kompyuta jirani huweka kumbukumbu ya namna hiyo, jedwali la ARP. Nyingi husahau baada ya dakika chache. Lakini vifaa vikubwa vya njia hukawia: ruta za Cisco, kwa mpangilio wa kawaida, hukumbuka kwa saa nne. Kwa hiyo ofisi inaweza kuambiwa imeshindikana, ilhali ni kungoja tu au kufuta jedwali. Fundi alikizima na kukiwasha kifaa kile, na njia ikafunguka.

Namba hiyo ya kuzaliwa huleta mambo mengine mawili. Swichi za ofisi kubwa huweza kupangwa zikubali kadi inayojulikana tu, na mgeni hufungiwa nje mpaka msimamizi amwandikishe. Na programu fulani za kulipiwa hufunga leseni yake kwenye namba ya MAC, hivyo kadi ikibadilika programu hukataa kufunguka. Mwenye duka aulize hili mapema, na awe na karatasi ya leseni mkononi. Mashine nyingi za zamani za Sun za SPARC zimepunguza taabu hii: kwa desturi hazitumii namba ya kadi bali namba iliyo katika chipu ya mashine yenyewe, kwa hiyo kadi hubadilika na sura hubaki ileile.

Inakwenda, lakini kwa kusuasua

Asubuhi makarani walirudi, skrini zikafunguka, na kila mtu alishukuru. Saa nne malalamiko yakaanza. Kutafuta mteja mmoja ni haraka. Lakini kuchapisha orodha ya madeni yote, kazi ya dakika mbili, kunachukua dakika ishirini.

Huu ni ugonjwa mkongwe wa kadi za mtandao, na hudumu miezi katika ofisi kwa sababu "inafanya kazi". Kadi na swichi zinapounganishwa hukubaliana kama zitazungumza kwa zamu au kwa pamoja. Ikiwa upande mmoja umelazimishwa kwa mkono kuzungumza kwa pamoja, na upande wa pili umeachwa ujipangie, wa pili hukosa jibu na kuamua kwenda kwa zamu. Ni kama uchochoro wa Mji wa Kale: hamali mmoja anaamini njia ni pana ya kupishana, mwingine anaamini ni ya mkokoteni mmoja. Mzigo mdogo hupita. Mikokoteni ikiwa mingi, inagongana katikati, na kila mgongano ni kurudi nyuma na kuanza upya.

Dalili ni kwamba ping inajibu vizuri, faili kubwa linakwama, na safu ya migongano na makosa katika netstat inapanda. Dawa ni kanuni moja: pande zote mbili zijipangie zenyewe, au pande zote mbili zilazimishwe sawasawa. Fundi wa zamani aliilazimisha swichi kwa ajili ya kadi iliyokufa. Fundi mpya aliondoa sharti hilo, na orodha ikatoka kwa dakika mbili.

Kwa hiyo kazi haimaliziki taa inapowaka. Inamalizika pale kazi nzito kuliko zote ya ofisi inapofanywa na kupimwa kwa saa.

Baada ya hapo

Kubadilisha kadi kumelinunulia duka muda. Muda huo una mwisho. Seva za zamani hutuma maneno ya siri bila kuyaficha, kwa hiyo zisiwekwe wazi kwenye intaneti, zikae nyuma ya kifaa cha ulinzi. Unix nyingi za zamani huhesabu sekunde tangu mwaka 1970 kwa namba ambayo itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa za Mombasa. Hati za mkopo wa muda mrefu zitakutana na tarehe hiyo mapema zaidi. Kuhama ni lazima, lakini kuhama kwa mpango, na daftari likiwa kamili, si kuhama kwa hofu kwa sababu kadi moja imeungua.

Na siku mashine itakapoondoka, diski ifutwe kabisa au ivunjwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na majina, simu na madeni ya wateja ni taarifa za watu.

Mwenye ofisi hahitaji kuwa fundi. Anahitaji kuuliza maswali haya kabla ya kuruhusu bisibisi:

1. Je, rekodi zinasomeka kwenye skrini ya seva yenyewe?
2. Je, kebo na tundu la swichi vimebadilishwa na kujaribiwa?
3. Nakala ya leo iko wapi, na ni faili gani lililorudishwa kutoka humo kuijaribu?
4. Mipangilio ya mtandao imeandikwa kwenye karatasi?
5. Mfumo huu una dreva ya kadi hii?
6. Leseni ya programu imefungwa kwenye kadi?
7. Ofisi itafanyaje kazi mashine ikiwa imezimwa, na kama haitaamka?

Fundi anayeyajibu bila kukasirika anafaa kupewa kazi. Anayekimbilia kusema itupwe bila kufunua skrini, apewe chai na kushukuriwa.

Karatasi ya mama yule sasa imebandikwa ndani ya mlango wa kabati: anwani, aina ya kadi, tarehe ya mabadiliko, jina la faili lililojaribiwa kila Ijumaa. Kadi ya akiba imo kwenye mfuko mkavu droo ya juu. Karani mdogo kabisa anajua ilipo.